SIKU YA MAPUMZIKO TUTAPUMZIKIA WAPI?

(Hotuba kwa wanachama wa Thika na Ruiru)



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara na likizo. Leo nataka kusema juu ya viwanja vya michezo na bustani za kupumzikia. Pengine mtu atasema kwamba hilo si jambo la chama. Mimi nasema ni la chama kabisa.

Mwaka 1856 waashi wa mawe wa Melbourne, Australia, waliacha kazi wakadai siku ya kazi iwe ya saa nane. Hoja yao ilikuwa rahisi: siku ina saa 24, nane ni za kazi, nane za kulala, na nane za mtu mwenyewe. Dai hilo lilienea duniani. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haki za namna hii hupatikana kwa jasho. Lakini siku hiyo twaipitisha wapi? Chumba kimoja cha kupanga hakiwatoshi baba, mama na watoto kukaa mchana kutwa. Nje ya mlango ni njia ya pikipiki na matatu. Basi wengi huishia kilabuni, na mshahara tulioupigania huishia huko huko.

Sasa tazameni hesabu ya watu. Mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu kama 240,000. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 490,000, yaani mara mbili katika miaka kumi. Thika nayo ilipita 250,000. Barabara kuu ilipofunguliwa mwaka 2012, ikawa rahisi kulala Ruiru na kufanya kazi Nairobi. Mashamba ya kahawa yakakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na mahali pa mibuni pakasimama nyumba za ghorofa.

Nataka tufanye hesabu moja pamoja. Ekari moja hutoa ploti kama nane. Kiwanja cha mpira chenye kipimo kamili, pamoja na nafasi ya pembeni, kinataka ekari mbili. Basi kiwanja kimoja ni ploti 16. Mwenye kuuza shamba haoni kiwanja hapo. Aona fedha za ploti 16. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa wauzaji. Katiba ya mwaka 2010 imeiweka mikononi mwa kaunti: mipango ya maendeleo, bustani na mahali pa burudani.

Tena kazi hii haingojei. Maji yaweza kuletwa kwa bomba hata baada ya watu kuhamia. Shule yaweza kuongezwa ghorofa. Lakini kiwanja hakiongezwi ghorofa. Nyumba zikiisha kusimama, kukipata ni kubomoa nyumba ya mtu, na mtu huyo huenda akawa mwenzetu aliyejenga kwa mkopo wa ushirika. Ardhi na itengwe kwanza, watu wafuate.

Na ikiisha kutengwa, ilindwe. Tume ya Bwana Ndung'u ilitoa taarifa mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria katika Kenya nzima. Lakini msikate tamaa. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa, lakini hakunyamaza, na jumba halikujengwa. Katika bustani hiyo hiyo wafanya kazi wamekusanyika miaka mingi kwa sikukuu ya Mei Mosi. Kama angalinyamaza, tungalikusanyikia wapi?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kaunti ikiita wananchi kutoa maoni juu ya mipango ya mji au fedha za mwaka, kila tawi litume watu, na waombe kuonyeshwa ramani. Pili, shamba lolote likikatwa ploti, tuulize: sehemu ya umma iko wapi, na imeandikishwa kwa jina la nani? Tatu, kila tawi liandike orodha ya viwanja vilivyosalia karibu nalo, ili uzio ukionekana asubuhi moja tuwe na la kusema.

Tumepigania saa zetu. Sasa tupiganie mahali pa kuzitumia, kabla ploti ya mwisho haijauzwa.

Umoja ni nguvu.