Moto wa Petroli: Maneno Machache kwa Wadogo Zangu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Ikwiriri)



Niliombwa niseme juu ya maisha baada ya shule. Nimeomba ruhusa nibadili mada, na Mwenyekiti amekubali. Nitasema juu ya petroli. Sababu yake iko kwenye mkono wangu huu wa kulia, ambao tangu asubuhi mmeutazama kwa adabu bila ya kuuliza.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya kwenda Lindi na Mtwara yalivuka mto kwa kivuko pale Ndundu. Kivuko kikikwama, malori yalipanga foleni mpaka usiku. Sisi vijana tulikwenda kuuza mihogo na samaki wa kukaanga. Usiku mmoja nilikwenda na mwanafunzi mwenzangu wa darasa moja kununua petroli ya mashine ya mtumbwi. Utingo mmoja alikuwa akiinyonya kwa mpira kutoka kwenye pipa.

Tulijua kuwa petroli ni hatari. Koroboi yetu tuliiweka mbali, hatua kumi hivi, mahali palipoinama kidogo. Dumu likafurika, mafuta yakamwagika miguuni kwa mwenzangu. Mara moto ukatoka kule kwenye koroboi, ukatujia chini chini kwenye majani, haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbia.

Nikachukua ndoo ya maji nikaimwaga juu ya moto. Nilidhani namwokoa. Maji yale yakausambaza moto na kumzunguka. Mkono huu uliungua nilipomvuta. Alifariki baada ya siku chache, na hata leo nikipita Ndundu nainamisha kichwa.

Ndugu zangu, makosa yetu yalikuwa mawili, na yote yalitokana na kutojua. La kwanza: kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake, na mvuke huo hauonekani. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena mvuke ni mzito kuliko hewa mara tatu hata nne. Hutambaa ardhini, huingia mitaroni na kushuka bondeni. Koroboi yetu tuliiweka pale pale ulipokuwa ukielekea. La pili: petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji huelea juu yake, ikasafiri nayo huku ikiwaka.

Msidhani hayo ni ya zamani. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika na madumu. Lilipolipuka, walifariki watu zaidi ya 100. Huko Sachangwan, Kenya, mwezi Januari 2009, walikufa zaidi ya 100 kwa namna hiyo hiyo. Na Sange, Kivu Kusini, mwezi Julai 2010, walikufa zaidi ya 200. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa ndani wakitazama mpira, hawakuwa hata na ndoo mkononi. Barabara yetu ya Kibiti hadi Lindi hupita malori kama hayo kila siku.

Basi shikeni haya. Lori la mafuta likipinduka, usiende kutazama, sembuse kuchota. Kimbia upande unakotoka upepo, na panda mwinuko. Waite na wenzako. Ukishafika mbali, piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Petroli ikimwagika nyumbani au dukani, zima jiko na taa za moto zilizo mbali nayo, usiguse swichi ya umeme, usiwashe pikipiki. Fungua milango, toa watoto, funika kwa mchanga mkavu. Nguo iliyolowa ivuliwe mbali na moto.

Ikishika moto mdogo, tumia mchanga au kizimamoto cha unga au cha povu. Moto ukikushinda kwa ukubwa, uache uende na mali, wewe toka.

Mtu akiwaka nguo, asikimbie. Alale chini abingirike, au mfunike kwa blanketi zito. Moto ukishazimika mwilini, hapo ndipo maji yana kazi yake: mmiminie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha hospitali. Msimpake dawa ya meno wala mafuta.

Nimeona njiani petroli ya bodaboda ikiuzwa kwa chupa za maji ya kunywa. Sitawalaumu wanaotafuta riziki. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini wewe mwanafunzi ambaye chupa hizo zinalala nyumbani kwenu karibu na jiko, leo ukirudi umwambie baba, umwambie mama, kwa heshima, zihamishiwe nje, kwenye kivuli, mbali na moto na mbali na watoto. Wakikuuliza umeyapata wapi, waambie yametoka kwa mzee mwenye mkono uliokunjamana.

Wanachama wenzangu, kwenu nina ombi moja. Kabla hatujachangia chakula cha mkutano ujao, tuchangie kwanza ndoo za mchanga na vizimamoto viwili vya unga kwa ajili ya shule yetu. Mimi naanza. Mwenzangu yule angekuwa hai, leo angekuwa ameketi hapo mbele pamoja nanyi.