BEHEWA LA DARAJA LA TATU NALO NI HISTORIA



Taifa linalotunza vitu vya wakubwa peke yao huwafundisha watoto wake kwamba wakubwa peke yao ndio walioijenga nchi. Leo nataka kulieleza jambo hilo kwa mfano wa mabehewa ya kale ya reli, na wa watu wanaoyafufua kwa kujitolea, bila ya mshahara.

Kazi hiyo ilianzia Wales, nchini Uingereza. Reli ndogo ya Talyllyn ilijengwa katika miaka ya 1860 ili kuchukua mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi mji wa Tywyn. Serikali ya chama cha Labour ilipotaifisha reli za nchi ile tarehe 1 Januari 1948, reli hiyo haikuwamo. Machimbo yenyewe yalikuwa yamekwisha kufungwa mwaka 1946, na mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, akafariki mwaka 1950. Oktoba ya mwaka huo watu walikutana Birmingham, miongoni mwao mhandisi na mwandishi L.T.C. Rolt, wakaunda chama cha kuiokoa. Tarehe 14 Mei 1951 garimoshi la kwanza chini ya chama hicho lilitoka Tywyn. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, na mabehewa yake ya awali ya abiria yangali yanatembea hadi leo.

Mfano huo ulienea. Reli ya Bluebell ya Sussex ilianza mwaka 1960, nayo ina karakana ya mabehewa huko Horsted Keynes. Reli ya Severn Valley ina msafara mzima wa mabehewa ya mbao za mtiki yaliyoundwa kwa ajili ya kampuni ya London and North Eastern Railway.

Hata hivyo, ndugu zangu, tangu mwanzo injini ndiyo iliyopendwa. Injini ya mvuke ina moshi, ina mlio, ina jina lililoandikwa kwa shaba. Katika uwanja mmoja wa chuma chakavu huko Barry, Wales, injini 213 ziliokolewa zisikatwe. Mabehewa hayakupata bahati hiyo. Yale ya mbao yalichomwa moto kwa maelfu ili chuma chake kiokotwe majivuni. Mengine yaling'olewa magurudumu na kuuzwa yawe vibanda vya bustani na mabanda ya kuku. Na mabehewa ya mizigo, ambayo yalizidi milioni 1 reli zilipotaifishwa, nani aliyeyajali? Lakini injini haikubeba abiria wala makaa ya kuuza. Wananchi na jasho lao walibebwa na behewa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Behewa likifika karakanani, halishikwi nyundo kwanza. Hupigwa picha, hupimwa, na kila kipande kinachotolewa huandikwa namba. Kisha mbao za ubavuni huondolewa ili kiunzi kionekane. Ubao huanza kuoza pale maji ya mvua yanapotuama, yaani chini ya milango na chini ya madirisha. Fundi hakitupi kipande chote. Hukata sehemu iliyooza na kuunga mbao mpya kwenye ile nzima, ili mkono wa fundi wa kwanza usifutike. Chini, magurudumu, springi na breki hukaguliwa kimoja kimoja, maana behewa hilo litabeba watu wenye roho zao.

Rangi nayo ni kitabu. Ikibanduliwa tabaka baada ya tabaka, huonyesha kampuni zilizolimiliki behewa, na mlangoni mara nyingine hujitokeza tarakimu 3. Maana yake ni daraja la tatu, daraja la watu wa kazi, ambalo jina lake lilifutwa katika reli za Uingereza mwaka 1956. Jina lilifutwa kwa tangazo la siku moja, lakini tarakimu ilibaki chini ya rangi ikimngoja mtu mwenye subira.

Wapo wanaodhani kwamba kujitolea ni kufanya kazi kwa kadiri mtu apendavyo. Hiyo si kweli. Mabehewa mengi ya miaka ya 1950 yalitiwa asbesto ili kuzuia joto na kelele, na vumbi lake huua. Sheria ya Uingereza inataka iondolewe na wataalamu wenye leseni, na mtu wa kujitolea, hata awe na ari kiasi gani, hukaa pembeni mpaka kazi hiyo iishe. Kujitolea kusiko na nidhamu ni hatari. Kujitolea kwenye mpango ni shule. Karakana kubwa ya reli ya Swindon ilifungwa mwaka 1986, lakini ufundi wa namna ile unaendelea kurithishwa katika karakana hizi, kijana akisimama kando ya mzee mwenye randa.

Ndugu Mwenyekiti, jambo hili linatuhusu sisi pia. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja. Ndani yake limo behewa ambamo afisa wa polisi wa kikoloni, Charles Ryall, aliuawa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Ni vema kwamba limetunzwa. Lakini Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliwachukua manamba kwa maelfu kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakiwaacha wake na watoto nyuma. Behewa la afisa mmoja linajulikana kwa jina lake. Je, behewa la manamba nani atatuonyesha?

Yawezekana mengi yamekwisha kuwa chuma chakavu. Lakini yapo tusiyohitaji fedha nyingi kuyafanya. Mtumishi wa umma anayetakiwa kuondoa vifaa vikuukuu aulize kwanza kama vimeandikwa na kupigwa picha; michoro na madaftari ya karakana yapelekwe kwenye nyaraka, yasiwashiwe moto. Mwalimu aliye karibu na stesheni awapeleke wanafunzi kwa mafundi wastaafu, waandike majina ya zana na namna zilivyotumika. Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, hakuna randa itakayounga pengo hilo.

Waliookoa reli ya Talyllyn hawakungoja ife ndipo waisifu. Nasi tusingoje. Historia ya mnyonge haina mwenye kuitunza isipokuwa mnyonge mwenyewe, akijipanga na kushika kazi.