Sisi Tulichanjwa, Wazazi Je?

Mwaka 1984 Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B, ambayo huleta saratani ya ini. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 14, saratani hiyo ikashuka kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 hadi 0.36 kufikia 1994. Kenya ilianza mwishoni mwa 2001. Basi wengi wetu tulichanjwa, lakini wazazi wetu je? Saratani hii hunyamaza, na ikigunduliwa imeshaenea, wanaopona ni wachache. Idi ikipita, mshike mama mkono, mwende mkapimwe damu. Msingoje macho yawe manjano.