Wakili na Mdaiwa Aliyeelemewa

Mwaka 1990 Paul Ngei alitangazwa muflisi mahakamani jijini Nairobi. Huyu alikuwa mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, akafungwa na serikali ya kikoloni, akaja kuwa waziri na mbunge wa Kangundo kwa miaka mingi. Jela ya mkoloni haikumtoa katika siasa, madeni yalimtoa. Muflisi hakuruhusiwa kukalia kiti cha Bunge, na hadi leo ibara ya 99 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamzuia kugombea ubunge mtu yeyote aliyetangazwa muflisi na bado hajaondolewa hali hiyo.

Sheria iliyotumika wakati huo ilikuwa Sura ya 53, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza tangu enzi za ukoloni. Chini yake muflisi hakuwa na tarehe ya kumaliza adha yake. Alitakiwa arudi mwenyewe mbele ya jaji kuomba aondolewe ufilisi, na mpaka akubaliwe, jina lake lilibaki limefungwa. Bunge liliifuta mwaka 2015 likaweka Sheria ya Ufilisi namba 18, ambayo sehemu yake inayohusu watu binafsi imefuata kwa ukaribu sheria ya New Zealand ya 2006. Sasa muflisi huondolewa hali hiyo bila kuomba, miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa kamili ya mali na madeni yake, ilimradi hakuna aliyepinga. Bunge liliweka pia njia tatu za kuepuka ufilisi wenyewe. Ni watu wachache wanaozijua njia hizo, na hapo ndipo wakili anapohitajika.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Kazi kubwa ya wakili wa mdaiwa hufanyika kabla ombi halijafika mahakamani, na ikifanyika vizuri mara nyingi humwezesha mteja kuepuka ufilisi kabisa.

Kazi hiyo huanza kwa kuhesabu. Mdaiwa aliyeelemewa kwa kawaida hajui anadaiwa kiasi gani. Anakumbuka mkopo wa benki, mkopo wa chama cha akiba na mikopo, deni la mwenye duka la jumla, karo, na mikopo midogo midogo ya simu aliyokopa mmoja ili kulipa mwingine. Wakili makini humtuma alete mikataba, taarifa za benki, barua za madai na hata ujumbe wa simu, kisha hupima deni moja baada ya jingine. Hapo sheria huanza kumsaidia mteja kwa namna ambayo hakuitarajia.

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika mwezi Mei 2007, kinaizuia benki kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku mkopo ulipoacha kulipwa. Aliyebakiwa na shilingi 300,000 za msingi hawezi kudaiwa riba ya 700,000 juu yake, hata kama mkopo umelala miaka kumi. Halafu kuna ukomo wa muda. Deni la mkataba ambalo mdai hakulifikisha mahakamani ndani ya miaka 6 haliwezi tena kudaiwa kwa nguvu ya sheria, lakini mdaiwa akilikiri kwa maandishi, au akilipa sehemu yake, muda huanza kuhesabiwa upya. Mdaiwa anayetuma shilingi 500 kwa M-Pesa ili kumnyamazisha mkopeshaji wa zamani anaweza, bila kujua, kumpa miaka 6 mingine ya kumfuata. Ushauri wa dakika tano kabla ya kutuma pesa hizo una thamani kuliko hotuba ndefu mbele ya jaji.

Mikopo ya simu nayo ina kanuni zake. Tangu Machi 2022 Benki Kuu ya Kenya inatoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni zake zinawakataza kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kupigia simu watu waliomo kwenye orodha ya namba zake ili kumwaibisha. Barua moja ya wakili inayonukuu kanuni hizo huweza kurudisha usingizi katika nyumba, na mdaiwa aliyelala hufikiri vizuri kuliko aliyekesha.

Hesabu ikikamilika, wakili huonyesha njia. Ya kwanza ni ya mtu asiye na kitu: hana mali ya kuuza, hajawahi kufilisiwa, na madeni yake, kama sheria ilivyoandikwa 2015, yako kati ya shilingi 100,000 na 400,000. Huyu huomba kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia ufilisi, wala hahitaji kesi. Akikubaliwa, wadai wake husimamishwa, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa. Ya pili ni amri ya kulipa kwa mafungu, ambayo pia hutolewa na Mpokeaji Rasmi. Inamfaa mwenye kipato cha kila mwezi ambaye tatizo lake ni kwamba wadai wote wamemvamia kwa pamoja. Ya tatu ni mapatano na wadai chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu: mdaiwa huweka pendekezo mezani, mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni hulisimamia, wadai hupiga kura, na wakati huo amri ya mahakama huwazuia wasichukue mali. Ombi la kutangazwa muflisi hufuata njia hizi zote zikishindikana.

Kumchagulia mteja njia isiyomfaa ni kosa zito. Mwenye shamba dogo alilorithi akiomba njia ya wasio na mali, atakataliwa, na kama ameficha shamba hilo atakuwa amejiingiza katika kosa la jinai. Mwajiriwa mwenye mshahara wa uhakika akikimbilia ufilisi, huenda akapoteza ndani ya siku chache mambo ambayo mafungu ya kila mwezi yangeyaokoa: haki ya kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, uhuru wa kuendesha biashara yake bila idhini, hata safari ya nje ya nchi.

Lipo jambo ambalo wadaiwa wengi hawaliulizi, na ambalo wakili anapaswa kulisema hata kama mteja hataki kulisikia. Ni habari ya wadhamini. Katika Afrika Mashariki mikopo mingi ya walimu, wauguzi, polisi na wafanyakazi wa kaunti hutoka kwenye vyama vya akiba na mikopo, na dhamana yake ni akiba za wenzao. Chukua mfano wa mwalimu aliyedhaminiwa na wenzake watatu wa shule moja. Akitangazwa muflisi, na baada ya miaka 3 akaondolewa hali hiyo, yeye huwa huru. Wale watatu hawawi huru. Sheria inasema wazi kwamba kuondolewa ufilisi kwa mdaiwa hakumwondolei mdhamini wajibu wake. Chama kitakata akiba zao, pengine tangu mwezi wa kwanza wa ufilisi. Watu walioweka sahihi kwa sababu ya urafiki watalipa mkopo ambao hawakuula.

Wakili anayejaza fomu bila kulitaja hili amemtendea mteja wake isivyo haki, kwa maana mteja huyo ataendelea kuishi na majirani walewale, chumba cha walimu kilekile, kanisa au msikiti uleule. Mara nyingi, akishaambiwa, mwalimu huamua kutafuta mapatano na chama kwanza: kuongezewa muda, kupunguziwa makato ya mwezi. Majadiliano hayo huenda vizuri zaidi yakiongozwa na mtu anayejua ambacho chama kinaweza kufanya na ambacho hakiwezi.

Mwenye mkopo uliowekewa nyumba rehani naye huambiwa ukweli mwingine mchungu. Ufilisi hauizuii benki yenye rehani kuuza nyumba. Ila benki yenyewe inabanwa na Sheria ya Ardhi ya 2012 pamoja na kanuni za madalali: ilani ya miezi 3 ya kurekebisha kosa, kisha ilani ya siku 40 ya kuuza, kisha ilani ya siku 45 ya dalali. Ilani ikirukwa, au ikipelekwa kwa anwani isiyo sahihi, mnada unaweza kuzuiwa, na muda unaopatikana ukatumika kumtafuta mnunuzi wa bei nzuri kuliko ile ya mnada.

Katika yote haya wakili humdai mteja wake kitu kimoja bila huruma: ukweli wote. Kuna anayehamisha gari kwa jina la shemeji, anayempa mke kiwanja wiki mbili kabla ya kuomba ufilisi, anayemlipa kaka yake deni lote huku wadai wengine wakibaki mikono mitupu. Sheria inaona mbali. Zawadi iliyotolewa ndani ya miaka 2 kabla ya ufilisi inaweza kubatilishwa, na ile ya kati ya miaka 2 na 5 pia, ikiwa wakati wa kuitoa mtoaji hakuweza kulipa madeni yake. Anayeficha mali huenda akashtakiwa. Wakili mwema husema haya siku ya kwanza, kabla shemeji hajashika funguo.

Kwa wengine wakili huhitajika kwa sababu ya hofu ya jela. Mwaka 2010, muda mfupi baada ya Katiba mpya, mdaiwa mmoja aliyekuwa ameomba kufilisiwa alikuwa akikabiliwa na kifungo kwa deni lililotokana na hukumu ya mahakama. Shauri lake lilimfikia Jaji Martha Koome, ambaye baadaye, mwaka 2021, akawa Jaji Mkuu. Jaji alikumbusha kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika ibara yake ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Mwaka 2012 Jaji David Majanja aliliangalia suala hilo upya katika shauri jingine, akaona kwamba kifungo cha madai hakijafutwa, lakini hakipaswi kumpata asiye na uwezo. Ni lazima mdaiwa aitwe, asikilizwe, na ibainike kwamba ana uwezo wa kulipa na anakataa. Kuithibitisha tofauti hiyo kwa hati za mshahara, risiti za hospitali na taarifa za benki ni kazi ya wakili.

Lakini majaji wamekuwa wakali kwa anayeomba ufilisi ili kumkwepa mdai mmoja tu huku akiishi kwa raha. Ombi la namna hiyo hutupwa, na wakili anayelipeleka huwachafulia walio na shida ya kweli.

Amri ikishatolewa, mali ya muflisi huenda kwa msimamizi, isipokuwa vitu vya lazima: nguo, matandiko, vyombo vya nyumbani vya kawaida, na zana za kazi yake. Fundi cherehani habaki bila cherehani. Madeni yaliyotokana na udanganyifu, na matunzo ya watoto, hayafutiki kamwe kwa ufilisi. Wakili huendelea kumkumbusha mteja asikope kwa kuficha hali yake, na ahakikishe ile taarifa ya mali imewasilishwa, kwa kuwa saa ya miaka 3 haianzi kabla ya hapo.

Tanzania bado inaendesha mambo haya kwa Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1930, huku wajibu wa serikali ukiwa mikononi mwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Njia ya miezi 12 kwa maskini kabisa haimo katika sheria hiyo. Watunga sheria wa Dodoma wanayo sababu nzuri ya kuitazama upya.

Linabaki swali la ada. Aliyefilisika atamlipa wakili kwa kitu gani? Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, Tanzania ina ya 2017, na Kituo cha Sheria cha Nairobi kimewahudumia wasio na uwezo tangu 1973. Lakini vitivo vya sheria vya vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa mwaka wa nne wanaoweza, chini ya wakili mwenye leseni, kuhesabu madeni, kukagua riba, kusoma ilani na kujaza ombi la wasio na mali. Kila kitivo kifungue dawati la wadaiwa, hata kwa siku moja kila wiki, na kiwatangazie wananchi kwamba mdaiwa wa Kenya aliyepokea hati ya madai inayotangulia ombi la kumfilisi ana siku 21 za kuomba mahakama iitengue. Aje ndani ya siku hizo, na barua yake mkononi.