Siri ya Mgonjwa ni Amana

Somo: Marko 7:31-37

Leo twasema na wale wanaowahudumia wagonjwa: madaktari, wauguzi, makarani wa mapokezi, wafanyakazi wa maabara, wanaotoa dawa dirishani, wanaofagia wodi, na walinzi wa langoni. Neno letu la leo linawahusu ninyi. Linatuhusu na sisi wachungaji, kama mtakavyosikia.

Katika somo letu Bwana Yesu aliletewa mtu kiziwi, ambaye hata kusema kwake kulikuwa kwa shida. Waliomleta walimsihi amwekee mkono. Umati ulikuwa umekusanyika, na bila shaka kila mtu alitaka kuona. Lakini Bwana hakumponya mbele ya macho ya watu wote. Alimchukua kando, mbali na umati, ndipo akamgusa masikio na ulimi. Katika sura inayofuata alifanya vivyo hivyo kwa kipofu wa Bethsaida: alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji. Na nyumbani kwa Yairo aliwatoa watu nje, akabaki na baba na mama wa mtoto, pamoja na wanafunzi watatu tu.

Habari hizi tumezisoma mara nyingi. Kila mara tunautazama muujiza, wala hatuutazami mlango uliofungwa. Leo na tuutazame mlango huo. Wafafanuzi wa Maandiko wana maelezo mbalimbali juu ya jambo hili, nasi hatuyakatai. Lakini moja liko wazi hata kwa mtoto wa shule ya Jumapili: mgonjwa yule hakuwa kitu cha kutazamwa. Alikuwa mtu, na Bwana alimpa heshima ya kuwa peke yake na mganga wake.

Sasa yatupasa tuungame jambo. Miaka mingi iliyopita, katika parishi moja tuliyokuwa tukiitumikia, palikuwa na mama mmoja mwaminifu, mwuza mboga sokoni. Alikohoa kwa muda mrefu, hatimaye akaenda hospitali. Siku chache baadaye ndugu mmoja aliyekuwa karani katika hospitali hiyo, Mkristo mwema, tena mwimbaji wa kwaya, alitujia baada ya ibada akatunong'onezea: "Mchungaji, tumkumbuke mama fulani katika maombi. Nimeiona kadi yake. Ni kifua kikuu." Jumapili iliyofuata, tulipofika mahali pa kuwaombea wagonjwa, tulimtaja mama yule kwa jina lake, na ugonjwa wake tukautaja. Kanisa zima likaitikia Amina.

Ndugu msikilizaji, Amina ile ilimgharimu sana mama yule. Kabla juma halijaisha, wateja walikuwa wakikipita kibanda chake. Wengine walisema kifua kikuu ni jina la adabu tu, kwamba ugonjwa wenyewe ni Ukimwi. Jirani aliwakataza watoto wake wasicheze na watoto wake. Naye hakuja tena kanisani. Na lililo baya zaidi, hakurudi tena kliniki kuchukua dawa.

Hayo yote hatukuyajua. Tulikwenda kumtazama kwa sababu tuliona mahali pake kanisani ni patupu. Alitukaribisha, akatupa kiti, akatuchemshia chai, kwa maana ni mtu wa adabu. Kisha akasema: "Mchungaji, mimi nilimwambia daktari. Kanisa sikuliambia." Hakuongeza neno, nasi hatukuwa na la kujibu.

Tulimwomba msamaha, akatusamehe. Lakini msamaha haukuwarudisha wateja. Ilichukua majuma kadhaa ndipo akakubali kuanza dawa tena, na si katika hospitali ile ya karibu, bali katika nyingine ya mbali, ambako hakujulikana. Kwa neema ya Mungu alipona. Hata hivyo nauli ya kila safari ilitoka katika mfuko mtupu, na chanzo chake kilikuwa sisi.

Tazameni, katika habari hii hakuna mtu mwenye nia mbaya. Karani hakuiba, wala hakupokea rushwa. Mchungaji hakusengenya barazani, alikuwa akiomba. Ndiyo maana twasema siri ya mgonjwa yaweza kuvuja kwa mdomo wa mtu mwema. Mithali 11:13 yatofautisha mtu anayetembeza siri na mtu mwaminifu anayesitiri jambo. Sisi siku ile tulitembeza siri, tukadhani ni maombi.

Labda mtu atatujibu kwa methali: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, methali ni ya hekima. Lakini imwonya nani, na imtaka amwambie nani? Humtaka mgonjwa asimfiche mganga. Na mgonjwa ataweza vipi kumfunulia daktari mambo yake yote, ikiwa anajua kwamba yatafika sokoni kabla yeye hajafika nyumbani? Atasema nusu, au hatasema kabisa. Atatumia jina la uongo kwenye kadi. Atanunua vidonge dukani kwa kubahatisha. Basi wanaotoboa siri ndio wanaomfundisha mgonjwa kuficha maradhi. Mahali palipo na sitara, maradhi hutoka nje yakatibiwa. Mahali pasipo na sitara, hujificha yakaua. Kifua kikuu kina hatari zaidi, kwa maana dawa zake hutumiwa kwa miezi, mara nyingi 6, na anayeziacha katikati aweza kupata ugonjwa sugu usiosikia dawa za kawaida, akawaambukiza na wengine. Hivyo siri ya mama mmoja ilikuwa pia usalama wa soko zima.

Waganga walilijua jambo hili tangu zamani. Kiapo kinachobeba jina la Hippocrates, tabibu wa Kiyunani aliyeishi kabla ya Kristo, kiliwataka wanyamaze juu ya waliyoyaona na kuyasikia kwa wagonjwa. Mwaka 1948 Chama cha Madaktari cha Dunia kiliweka ahadi ya namna hiyo katika Azimio la Geneva, na mwaka 1968 kikaongeza kwamba siri idumu hata mgonjwa akiisha kufa.

Katika nchi yetu ya Kenya jambo hili si adabu tu, ni sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu, pamoja na habari za jamaa yake na mambo yake ya ndani. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 zakataza kutoa habari za mgonjwa pasipo idhini yake, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Tena iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo yahesabu habari za afya miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Chini ya sheria hiyo mgonjwa ana haki ya kujua habari zake zatumiwa kwa kazi gani, ya kuziona, na ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Zikivuja kwa namna iwezayo kumdhuru, hospitali yapaswa kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Na faini yaweza kufika shilingi milioni 5.

Hata Serikali haikuachwa juu ya sheria. Mwezi wa Februari 2015 lilitolewa agizo kwamba zikusanywe habari za watoto wa shule wenye virusi vya Ukimwi. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwamba watoto wapate matibabu. Lakini mwezi wa Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba, na kwamba majina yaliyokwisha kukusanywa yawekwe kwa alama, yasiweze kuunganishwa na hali ya mtoto. Kumbe nia njema haitoshi, iwe ya Serikali au ya mchungaji.

Je, siri hii haina mpaka? Unao, na Bwana Yesu alituonyesha. Katika Marko 1:44, alipomtakasa mwenye ukoma, alimkataza asimwambie mtu neno lolote. Lakini papo hapo alimwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani. Kwa nini kuhani? Kwa sababu Torati ilimpa kuhani kazi ya kumkagua mwenye ukoma na kumrudisha kati ya watu. Hiyo ndiyo kanuni nzima, wapendwa. Habari ya mgonjwa iende kwa yule ambaye kazi yake yamlazimu kuijua, na isipite hapo. Daktari amwambie muuguzi anayemtunza mgonjwa yule. Kipindupindu kikitokea, maofisa wa afya waarifiwe, ili kijiji kiokolewe. Mahakama ikiamuru, itiiwe. Lakini shemeji wa karani si kuhani, na rafiki wa daktari si kuhani. Wala mchungaji siye, mpaka mgonjwa mwenyewe amwite.

Basi, ndugu mnaofanya kazi hospitalini, yafikirini haya. Msiite ugonjwa kwa sauti mbele ya foleni. Mwite mtu kwa jina au kwa nambari. Msiache daftari wazi juu ya meza, ambapo kila apitaye aweza kusoma. Kabati la faili lifungwe. Nywila ya kompyuta ni kama ufunguo wa nyumba. Usimwazime mwenzako hata kwa dakika moja. Usifungue faili ya jirani yako kwa sababu tu unaweza kuifungua. Mazungumzo ya wodi yasiendelezwe katika matatu. Na simu isitumiwe kupiga picha za wagonjwa wala kadi zao, kwa maana picha ikiisha kutumwa hairudi. Ninyi wasimamizi, haitoshi kubandika tangazo ukutani. Wafundisheni wote, hata mfagiaji na mlinzi, kwa maana nao huona na kusikia.

Nasi wachungaji, na wazee wa kanisa, na akina mama wa Umoja, tujifunze kuomba bila kutangaza. Mungu ajua kile kifua kina nini. Hahitaji tumsomee kadi. Yatosha kusema, "Bwana, mkumbuke dada yetu," na hata hilo tulitamke baada ya kumwuliza dada mwenyewe. Siku hizi mahitaji ya maombi huandikwa katika vikundi vya WhatsApp, wakasoma mamia kwa dakika moja. Kabla hujaandika, jiulize: je, mwenyewe ameniruhusu?

Labda mmoja wenu akumbuka yule mama aliyetokwa damu miaka 12, aliyesimama mbele ya umati akaeleza yote. Ni kweli. Lakini aliyeeleza ni nani? Ni yeye mwenyewe. Bwana hakusema ugonjwa wake. Aliuliza tu nani amemgusa, akamngoja. Ushuhuda ni mali ya mwenye kuponywa. Akipenda kuutoa, na tumshukuru Mungu pamoja naye. Asipopenda, hakuna mwenye haki ya kuutoa kwa niaba yake.

Yule mama wa mboga alirudi kanisani baada ya mwaka mmoja. Hakutoa ushuhuda wowote, nasi hatukumwomba. Aliketi mahali pake pa zamani, akafungua kitabu chake cha nyimbo. Sisi tulimshukuru Mungu kimya kimya, na siku hiyo hatukulitaja jina lake.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyemchukua mgonjwa kando na umati, twakushukuru kwa sababu wayajua yote yaliyo ndani yetu, nawe hutuaibishi. Utusamehe mara zote tulipozitoa siri za wenzetu, hata kwa nia njema. Uwape wote wanaohudumu hospitalini mikono ya upole na midomo ya uaminifu. Uwape wagonjwa ujasiri wa kusema kweli mbele ya wanaowatibu. Na mtu yeyote anayetusikia leo, aliyeacha dawa kwa sababu ya aibu tuliyomletea sisi wanadamu, umshike mkono, umrudishe. Kwa jina lako takatifu. Amina.