Ugonjwa Unaojificha: Mafundisho kwa Mama Ambaye Yeye ao Mtoto Wake Anatumia Dawa ya Kutuliza Mwili

 

Leo sitafundisha juu ya uji wala juu ya kupima kilo. Nataka kusema juu ya dawa moja yenye nguvu, na juu ya ugonjwa unaojificha nyuma yake. Wengine mtasema, "Mambo hii haiko yangu." Ngojea kwanza, mama. Pengine dawa hiyo iko ndani ya nyumba yako na hujui jina lake.

Kosa langu

Mimi ni muuguzi, nafundisha katika shule ya wauguzi. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado kijana katika kazi, mama mmoja alileta mtoto wake wa miaka 6. Tumwite Mama Furaha. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa figo, ule wa kuvimba uso na miguu, mkojo ukiwa na povu. Daktari alimpa vidonge vya prednisoloni, na mtoto alivimeza kila asubuhi kwa juma tano. Uvimbe ulishuka, akaanza tena kucheza. Mama alifurahi sana.

Halafu siku moja akaja kwangu, akasema: "Mama munganga, mtoto hapana kula tangu jana. Anasema tumbo inamuuma kidogo."

Niliweka mkono kwenye kipaji cha uso cha mtoto. Hakikuwa moto. Nikatia kipima joto: 37.4. Nikasema, "Hana homa, Mama Furaha. Ni minyoka ya tumbo tu. Rudi nyumbani."

Akanisikiliza, akarudi. Baada ya siku mbili alimleta tena mgongoni, na mtoto hakuwa na nguvu hata ya kushika shingo ya mama yake. Tumbo limejaa, mikono baridi, anapumua mbio. Daktari alichoma sindano tumboni, akavuta maji yenye usaha. Usiku ule ule tulianza kumpa dawa katika mshipa. Alilala hospitalini siku nyingi, na tunashukuru, alipona. Lakini kabla ya kwenda, Mama Furaha aliniuliza: "Juu ya nini mwili yake haikupata moto?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Mafundisho haya ni jibu lake.

Mbwa aliyelala

Fikiri juu ya mbwa anayelinda lupango lako usiku. Mwizi akija, mbwa anabweka. Kelele yake inakuamsha, unashika taa, unaita jirani. Kelele si mwizi. Kelele inakuambia mwizi amefika.

Mwili wetu uko na walinzi wake pia. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia, walinzi wanapiga vita. Ile vita ndiyo inaleta mwili moto, maumivu, wekundu, uvimbe na usaha. Hatupendi mambo hayo, lakini ndiyo kelele ya mbwa.

Kuna magonjwa ambamo walinzi wanakosa akili, wanapiga mwili wenyewe. Wanapiga figo, ao viungo vya mikono na miguu, ao mapafu. Hapo daktari anatoa dawa ya kuwatuliza. Dawa za namna hii zilianza kutumiwa mwaka 1948 kule Marekani. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke ambaye viungo vyake vilikuwa vigumu na vyenye maumivu makali. Baada ya siku chache tu alitembea, na watu wakashangaa. Ni dawa nzuri. Imeokoa watoto wengi hapa kwetu pia.

Lakini dawa hiyo haichagui. Inalaza mbwa mzima. Mwizi anaingia kwa urahisi, na tena anaingia bila kelele. Ndiyo sababu mtoto wa Mama Furaha alikuwa na usaha tumboni na mwili wake haukuwa moto. Mama, shika neno hili: kwa mtu anayetumia dawa hii, mwili baridi si alama ya afya.

Nani anatumia dawa hii?

Majina yake ni prednisoloni, prednisoni, deksametazoni. Ziko na nyingine pia, kama azatioprini na metotreksati. Daktari anazitoa kwa ugonjwa wa figo wa kuvimba, kwa asima kali, kwa viungo vinavyovimba, na kwa mgonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake ya fahamu inavimba na kuuma. Mtu akiimeza siku tatu ao tano tu, hatari ni ndogo. Akiimeza kwa majuma ao miezi, na vidonge vikiwa vingi kila siku, hatari inapanda.

Lakini sikilizeni, wamama, kuna njia nyingine. Sokoni wanauza vidonge vya kunenepesha. Msichana anataka mashavu na makalio, ao mama amekonda kisha kuzaa, anapewa vidonge vidogo ndani ya karatasi bila jina. Mara nyingi ni deksametazoni. Hata unga wa "dawa ya miti" wa kuponya mgongo, mara nyingine wanauchanganya nayo ili maumivu yakimbie upesi. Ule unene si nyama ya nguvu. Ni maji na mafuta, na mbwa wako amelala. Kama unameza vidonge kama hivyo, usione haya. Vilete, utuonyeshe. Hatutakugombeza.

Magonjwa yanayopenda kujificha

Kifua kikuu. Vijidudu vyake vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila kuleta taabu. Walinzi wakilala, vyenyewe vinaamka. Na dawa inafanya uso kuwa wa mviringo, kwa hiyo watu wanasema, "Amenenepa, yuko muzuri," na kumbe kifua kinakufa.

Minyoo ya kuingia kwa miguu. Kuna mnyoo mdogo sana unaoingia katika ngozi ya mtu anayetembea bila viatu mahali penye mavi ya watu. Unaweza kukaa tumboni miaka mingi, kwa sababu unazaa watoto wake ndani ya mwili wenyewe. Mtu akitumia prednisoloni, minyoo hiyo inaweza kuongezeka sana, ikatoka tumboni, ikaingia mapafuni na mahali pengine, na kubeba vijidudu vya matumbo mpaka katika damu. Watu wanakufa kwa jambo hilo. Vidonge vya minyoo tunavyowapa watoto kila mara havitoshi kwa mnyoo huu. Dawa yake ni ivermektini, ile ambayo katika vijiji vingine wanaigawa kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni. Lakini usiitafute wewe mwenyewe. Uliza daktari mbele ya kuanza prednisoloni ya muda mrefu.

Malaria. Inaweza kuja na joto kidogo tu. Usingoje kutetemeka. Omba kipimo cha damu.

Majipu na vidonda. Jipu linaweza kujaa usaha bila wekundu na bila maumivu makubwa. Kidonda kisichopona katika juma moja, kionyeshe.

Utando mweupe mdomoni. Ukishuka mpaka kooni, mgonjwa anakataa kula kwa sababu kumeza kunamuuma.

Surua na tetekuwanga. Kwa mtoto anayetumia dawa hii magonjwa haya yanaweza kuua. Kama amecheza na mtoto mwenye upele, usingoje upele utoke kwake. Njoo siku ile ile.

Alama za kutazama

Kwa kuwa mbwa habweki, wewe mama uwe macho ya nyumba. Kila asubuhi mtazame mtoto wako, ao jitazame wewe mwenyewe. Njoo siku ile ile, hata kama mwili si moto, ukiona moja katika mambo haya:

1. Anakataa kula, hachezi, analala kupita desturi yake.
2. Tumbo linauma ao linajaa, hata kama anasema "kidogo tu".
3. Anapumua mbio. Hesabu pumzi zake dakika moja akiwa ametulia. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5, pumzi 40 ao zaidi ni hatari. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka 1, ni 50 ao zaidi.
4. Kichwa kinauma sana, shingo ngumu, ao anasema maneno yasiyo na maana.
5. Mkojo unachoma, ao ni kidogo sana.
6. Anatapika na vidonge havikai tumboni.
7. Mikono na miguu baridi, na hana nguvu ya kusimama.

Kikohozi cha majuma mawili, kukonda mikono na miguu ingawa uso ni mnene, jasho la usiku: hayo pia usiyafiche.

Na kama mwili unapata moto, hata kidogo, hata 38 tu, basi ujue jambo ni kubwa. Mbwa aliyelala amebweka. Usimpe parasetamoli nyumbani na kungoja kesho, kwa maana hiyo nayo inaficha moto.

Usiache dawa kwa ghafula

Sasa naona wengine wanaogopa. Wanasema moyoni, "Nikifika nyumbani nitatupa vidonge vile." Hapana, mama! Hapo ni hatari nyingine.

Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Kila siku zinatengeneza dawa ya mwili yenyewe, inayofanana na prednisoloni. Mtu akimeza vidonge kupita majuma mawili, tezi hizo zinaacha kazi, kwa sababu zinaona kazi inafanywa na mwingine. Ukiacha vidonge kwa siku moja tu, mwili unabaki bila kitu. Mtu anatapika, analegea, anazimia, anaweza kufa. Na akiwa na ugonjwa mwingine wakati huo, mwili unahitaji dawa ile zaidi, si kidogo. Daktari anapunguza vidonge polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka mlima na mzigo kichwani. Hata yule wa vidonge vya soko asiache peke yake. Aje kwanza.

Neno la kusema

Ukifika kwa muuguzi, pengine kuna watu wengi, pengine yeye ni kijana kama nilivyokuwa mimi. Atagusa kipaji cha uso na kusema, "Hana homa, rudi nyumbani." Usirudi. Sema maneno haya kwa heshima, lakini kwa nguvu:

"Munganga, mtoto wangu anatumia prednisoloni. Dawa hii inaficha homa. Tafazali mpime vizuri."

Toa fishi yake. Fishi iandikwe jina la dawa, tarehe ya kuanza, na hesabu ya vidonge kwa siku. Leta na boksi ao karatasi ya dawa. Siku ya chanjo pia useme neno lile lile, kwa sababu chanjo nyingine, kama ya surua na ya homa ya manjano, ziko na vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na lazima daktari aamue wakati wake. Usikimbie chanjo. Sema tu kwanza. Na ndugu zake nyumbani wamalize chanjo yao ya surua, ili wasimletee ugonjwa.

Wanafunzi wangu shuleni nawafundisha kusikiliza neno hilo. Nawaambia kosa langu kila mwaka. Lakini mwanafunzi anaweza kusahau, na mama hawezi kusahau mtoto wake.

Kulinda nyumba

Nawa mikono kwa sabuni mbele ya kupika na kisha kutoka chooni. Chemsha maji ya kunywa. Mvalishe mtoto viatu, hata kandambili. Tumia choo, funika shimo. Lala ndani ya chandarua kila usiku. Kama mtu wa nyumbani anakohoa tangu majuma mawili, aende kupimwa makohozi, na mgonjwa wako asilale karibu naye.

Maswali ya kuulizana njiani

Mkirudi nyumbani, mama na mama mwenziwe, ulizaneni:

Juu ya nini mwili wa mtoto wa Mama Furaha haukupata moto?
Ni alama gani zinanifanya nije siku ile ile?
Juu ya nini nisiache vidonge kwa ghafula?
Nitasema neno gani mbele ya muuguzi?

Mama anayeweza kujibu maswali haya manne amefundishwa vizuri. Amfundishe na jirani yake, zaidi yule anayenunua vidonge sokoni. Kwaheri, wamama. Tuonane siku ya kupima kilo.