Kichwa cha Malkia katika Stempu

Ukiuliza ni uso wa nani uliorambwa kisogoni na kubandikwa katika barua za walimwengu kuliko uso mwingine wowote, ni taabu kumtanguliza mtu mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye sura yake ya upande, iliyofinyangwa na Arnold Machin na kutolewa Juni 1967, imekwisha kuchapishwa zaidi ya mara bilioni 200. Uingereza, iliyoasisi ada ya stempu mwaka 1840 kwa sura ya Malkia Victoria, hata leo haiandiki jina lake katika stempu, ikitosheka na kichwa cha mtawala. Kiburi, naam, lakini cha aliyetangulia. Kabla ya uhuru, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilimbandika Elizabeth huyo huyo, ilhali Unguja ilimbandika Sultani wake, Sayyid Khalifa bin Harub, na kilemba chake.